Kabla Haijaota

Elvin alinifundisha kutoiamini kalenda.
"Tazama forsithia," alikuwa akisema,
"kile kichaka cha njano langoni mwa makaburi.
Kikianza kupukutisha maua, umechelewa."
Kisha, kwa kuwa hakuviamini hata vichaka,
alipiga goti, akachomeka kipimajoto ardhini,
kina cha pingili moja ya kidole,
akasubiri kama daktari aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Nyuzi kumi na tatu, asubuhi tatu mfululizo.
Hapo ndipo nyasi-kaa huamka
(tunaiita hivyo kwa jinsi inavyotambaa upande upande),
huko chini, gizani, bila kishindo,
mbegu za mwaka juzi na za mwaka wa kabla yake.

Mwaka huu nimechomeka mwenyewe.
Kumi. Kumi na moja. Ikaja theluji ya kuchelewa, ikarudi tisa.
Kansas haina adabu mwezi wa Aprili.
Mwenyekiti wa kamati, Loren Schrag, akapiga simu:
"Marlys, umeshaweka dawa?"
Bado.
"Mwaka jana wakati huu Elvin alikuwa ameshaweka."
Mwaka jana wakati huu, nikamwambia, Elvin alikuwa hai.
Akakohoa. Akakata.

Jumanne ikafika kumi na tatu. Jumatano. Alhamisi.
Nikajaza punje kwenye mashine ya kusukuma,
nikafungua tundu mpaka alama aliyoikwaruza kwa msumari,
nikaanza na akina Unruh, upande wa kaskazini,
nikashuka kwa akina Penner, kwa akina Goertz,
kwa vichanga waliolala safu moja kama vifungo vya shati,
hatua ile ile, mwendo ule ule,
maana ukikimbia unaacha mianya
na ukisimama unamwaga rundo.

Watu hudhani dawa hii inaua mbegu.
Mbegu inapasuka salama,
inatoa mzizi mwembamba kuliko uzi wa buibui,
na mzizi ule ukigusa utando wa dawa
unavimba, unadumaa, hausongi.
Huku juu hakuna ajuaye kwamba kuna kilichojaribu.
Kazi nzuri hapa haionekani.
Inayoonekana ni ile uliyoikosa.

Ila dawa haina macho.
Haijui nyasi ya kupandwa na gugu la kujiotea.

Basi nilipofika safu ya mwisho, kando ya mierezi,
kwenye tuta la Februari, bado limevimba,
nilifunga tundu.
Nikalizunguka kwa gurudumu tupu.
Kwenye ndoo nilikuwa na mbegu za nyasi, kilo moja;
nikazimwaga kwa mkono, nikazifunika kwa mabua ya ngano.

Nilijua. Usidhani sikujua.
Nyasi hizi wakati wake ni Septemba.
Angekuwepo angesema: Marlys, usipande kwa huzuni,
panda kwa kipimajoto.
Lakini angekuwepo, nisingekuwa napanda.

Jumamosi mvua ikanyesha, ya kutosha tu,
ikailaza dawa mahali pake.

Julai. Makaburi yote yamesukwa kijani kimoja,
isipokuwa futi tatu kwa saba:
nyasi-kaa imelala pale, nono, rangi ya ndimu,
miguu imeitanua kama mwenye hati ya kiwanja,
na nyasi zangu chini yake, nywele tano sita za mzee.

Loren akaja, akasimama, kofia mkononi.
Hakujua aseme nini.
"Miaka thelathini na minane aliizuia," nikasema,
"sasa imempandia kifuani."
Nikacheka. Nilisikia sauti yangu ikigonga mawe na kurudi.
Alinitazama kwa hofu, kisha naye ikamtoka, puu,
kama mtu aliyebanwa na kicheko ibadani.

Tukapiga magoti, yeye upande wake na mimi wangu,
yeye na suruali yake ya Jumapili,
tukaing'oa shina kwa shina kabla haijazaa,
tukagongesha udongo mizizini ili usiondoke.

Kabla ya kwenda nilichomeka kipimajoto.
Nyuzi ishirini na tisa.
Nilipima kwa mazoea tu.